Ukikuta alama ya mapanga matatu kwenye vyuma chakavu

Katika yadi za vyuma chakavu za Kibuye, Kisumu, au kule Nakuru, usiikimbie mashine ya eksirei iliyong'olewa hospitalini. Eksirei hutoa mionzi ikiwa na umeme tu. Ukishaichomoa, hakuna kinachobaki ndani ya chuma. Cha kuogopwa ni kifaa kisichohitaji umeme: kikopo kilichotoka kwenye kipimo cha kiwandani au cha ushindiliaji wa barabara, kizito kuliko umbo lake kwa kuwa kimezungushiwa madini ya risasi. Risasi ina bei, ndiyo maana mtu hushika patasi. Hapo ndipo maafa huanza.

Kabla hujapandisha kitu cha namna hiyo kwenye mizani, tazama kama kina duara dogo lililozungukwa na mapanga matatu kama ya feni, meusi au ya zambarau, juu ya rangi ya manjano. Hiyo ndiyo alama ya hatari ya mionzi. Uzee wa kifaa si kinga: sesiamu-137, kitu kinachotoa mionzi ndani ya vifaa vingi vya namna hii, hupungua nusu kila miaka 30.

Ukiiona alama hiyo, kiache kifaa palepale. Usikate, usichomelee, usizike, usitupe ziwani. Ondoa watu wote hadi mita 30. Umbali unashinda glovu, ambazo hazizuii mionzi ya gama, ile inayopenya vitu, hata kidogo: ukitoka mita 1 hadi mita 10, mionzi inayokufikia inabaki sehemu 1 kwa 100. Piga 999 au 112, uombe Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ijulishwe. Andika majina ya wote waliokishika.

Kikiwa kimepasuka, jambo ni jingine, maana unga wake hushika mikononi na nguoni. Goiânia, Brazili, mwaka 1987, watu waligawiana unga wa sesiamu kwa sababu uling'aa buluu gizani; wanne walikufa. Aliyeguswa na unga asile wala asivute sigara. Avue nguo za juu taratibu, azifunge kwenye mfuko wa plastiki, anawe kwa sabuni na maji ya vuguvugu bila kujisugua hadi achubuke. Aliyepigwa na mionzi tu, bila unga, hamwambukizi mtu, msimtenge.

Kutapika huweza kuja saa chache baadaye, lakini kidonda kama cha moto huchelewa siku au wiki, na daktari asiyeambiwa atatibu kitu kingine. Piga picha ya alama kwa simu ukiwa mbali, umwonyeshe.