Hakina gluteni na bado tumbo linajaa: namna ya kumtafuta mchokozi

Nina mashine ya kusaga nafaka Isevya, Tabora, na tumbo langu halipatani na ngano. Wateja wanalijua hilo, kwa hiyo debe likishapangwa kwenye foleni lazima mmoja anivute pembeni: "Mama, chapati nimeacha, mkate nimeacha, nanunua vyakula visivyo na gluteni, mbona tumbo linaunguruma vilevile?"

Ni kwa sababu maandishi yale yanakuambia kitu kimoja tu kilichotolewa, gluteni, protini ya ngano inayoufanya unga ushikane. Kilichotiwa badala yake hayakitaji, na mara nyingi mchokozi yumo humo.

Ila kwanza mambo ya hospitali, maana hayo hayana mjadala. Kama hujapimwa siliaki, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia utumbo mtu akila gluteni, usiache ngano kabla ya kupima. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili zinazoonekana wakati bado unakula. Ukishaiacha kwa miezi, majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa upo. Pima na choo pia. Amiba na giardia huleta gesi na kuharisha, na hawaondoki kwa kubadilisha unga. Ukiona damu chooni, ukikonda bila sababu, ukiishiwa damu, au tumbo likawa linakuamsha usiku, acha kujitafutia mwenyewe, nenda kwa daktari.

Sasa tuchukue pakiti. Mdogo wangu wa Dar hunitumia biskuti za nje zisizo na gluteni. Upande wa mbele uache, geuza nyuma. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Hii niliyonayo mezani inasema: unga wa mchele, wanga wa viazi, asali, unga wa dengu, nyuzi za chicory, maziwa ya unga, maltitol, E415, chumvi. Mchele na wanga wa viazi havina neno. Kuanzia asali, kuna watuhumiwa watano na nusu ndani ya biskuti unayoimaliza kabla chai haijapoa.

Wa kwanza kumkamata ni chicory, kwa sababu hakuna anayemshuku. Ni mzizi unaotolewa inulini, na viwanda huipenda kwa kuwa inaongeza nyuzinyuzi na pakiti inaonekana ya afya. Inulini ni jamii ya fruktani, na fruktani ndizo zilizomo kwenye ngano, kitunguu maji na kitunguu saumu. Utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinashuka nzima hadi utumbo mpana, bakteria wanazichachusha, gesi inazaliwa. Hilo linampata kila mtu. Mwenye tumbo jepesi tu ndiye anayeisikia gesi hiyo kama maumivu.

Mwaka 2018 watafiti wa Norway walichapisha jaribio la watu wazima 59 waliokuwa wameacha gluteni wenyewe bila kuwa na siliaki. Waliwapa vipande vya muesli vinavyofanana, wiki moja vyenye gluteni, wiki nyingine vyenye fruktani, nyingine visivyo na hata kimoja, na mlaji hajui anakula kipi. Fruktani ndizo zilizowajaza tumbo zaidi. Kwa hiyo mtu huyu akiacha mkate wa kawaida anapata nafuu ya kweli, kisha anakwenda kununua mkate wa bei mbaya usio na gluteni, uliojazwa inulini, anarudi palepale alipotoka.

Dengu, soya na unga wa kunde hutiwa kuongeza protini. Vina sukari zinazochacha kwa njia hiyohiyo, ndizo zinazofanya maharage yawe na sifa yake. Maziwa ya unga yana laktosi, sukari ya maziwa. Watu wazima wengi huku kwetu hawaimudu vizuri, hata asiye na shida ya ngano. Majina yanayoishia na "ol" ni sukari za kupunguza kalori: sorbitol ni E420, mannitol E421, isomalt (jina lake limekataa kanuni, lakini ni ndugu yao) E953, maltitol E965, xylitol E967. Zimejaa kwenye bazoka na pipi zisizo na sukari. Ulaya, chakula kikitiwa sukari hizo zaidi ya asilimia 10, sheria inadai lebo ionye kwamba ukizidisha utaharisha. Zinapoandikwa kwa namba tu ndipo zinapompita mtu, basi nakili namba hizo nyuma ya daftari lako.

Asali. Hapa nagombana na mkoa mzima, najua. Asali ina sukari aina ya fruktosi nyingi kuliko ile ya glukosi, na ile ya ziada hufyonzwa kwa shida, nayo ikabaki inachacha. Sukari ya dukani imegawanyika nusu kwa nusu, kwa hiyo kwa tumbo la namna hii kijiko cha sukari kinaweza kuwa kipole kuliko kijiko cha asali ya Sikonge. Maembe nayo yana tabia hiyo. Sijasema asali ni mbaya, na mtu asiende kunisemea hivyo kwa warina asali.

Yule nusu ni E415, gamu ya xanthan, na ndugu yake E412, ya guar. Gluteni ikitoka unga haushikani, kwa hiyo hutiwa gundi yenye utelezi kama wa mlenda. Wengine huwapa gesi, wengine hawasikii kitu. Waache wawe wa mwisho kujaribiwa.

Turudi kwenye unga wetu wenyewe, maana si kila kitu kinatoka kwenye pakiti ya nje. Unga wa lishe ndio unaonikera. Mtu analeta ndoo imechanganywa mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, na kiganja cha ngano "uwe na nguvu". Ukishasagwa unakuwa wa rangi moja, hakuna jicho litakaloitoa ngano humo. Ukiununua umefungwa mtaani, muuzaji mwenyewe huenda hajui. Nunua nafaka nzima, ichambue kwenye ungo, saga mbili tu, tuseme mchele na ulezi. Karanga haina shida kwa wengi. Soya isubiri.

Halafu mashine. Kipimo cha kimataifa cha Codex kinaruhusu chakula kiitwe hakina gluteni kikiwa na miligramu zisizozidi 20 kwa kilo. Unga wa ngano una gluteni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Piga hesabu: gramu 0.2 za unga wa ngano, kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kisu, zinatosha kuifikisha kilo nzima ya sembe kwenye mpaka huo. Sasa fungua mashine iliyotoka kusaga ngano uone vumbi lililoganda kwenye vinyundo, kwenye matundu ya chekeche, na kwenye mikunjo ya ule mfuko wa kitambaa wa kupokelea unga. Mwenye mashine atakwambia ameisafisha kwa kupitisha pumba. Kwa anayesumbuliwa na gesi tu, haidhuru. Mwenye siliaki asikubali. Atafute mashine isiyoingia ngano kabisa, au atwange kwenye kinu chake. Mimi ngano siipokei, naielekeza kwa jirani.

Kumtafuta mchokozi kunataka uvumilivu. Njia ninayoifuata ni ile iliyoanzia Chuo Kikuu cha Monash, Australia, ya sukari zinazochacha wanazoziita FODMAP. Ukimpata mtaalamu wa lishe wa kukuongoza, vizuri zaidi. Kwa wiki mbili hadi sita unakula vyakula vitulivu: wali, ugali wa sembe, mayai, kuku, samaki, mchicha, karoti, tango, biringanya, papai, chungwa. Kama tumbo halikutulia kabisa baada ya hapo, huenda chakula hakina kosa, rudi hospitali.

Likitulia, unarudisha kitu kimoja. Usijaribu biskuti, jaribu kiambato, kwa sababu biskuti ikikuumiza bado hujui ni nani kati ya watano. Laktosi ijaribu kwa maziwa matupu. Fruktani kwa kitunguu saumu. Choroko zinasimama badala ya dengu. Asali iweke kwenye chai ya rangi. Mannitol imo kwenye viazi vitamu, na tahadhari na matobolwa, viazi vilivyokaushwa: maji yametoka, kiganja kimoja ni viazi vingi kuliko unavyodhani. Siku ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu kiasi unachokula kwa kawaida. Ukiumia, simama hapo. Kisha pumzika siku mbili tatu kwa vyakula vitulivu kabla ya kumwita mwingine.

Daftari liwe na saa, kiasi, na hali ya choo, na kwa wanawake siku za hedhi, kwani hedhi peke yake inaweza kulivuruga tumbo. Saa ni muhimu sana. Watu humlaumu aliyeliwa mwisho, wakati kinachochacha kinaweza kuanza kuuma saa nyingi baadaye, hata kesho yake. Ukiumwa asubuhi, soma ukurasa wa jana. Kuna na kujumlishana: asali kidogo asubuhi, choroko mchana, maziwa usiku, kila kimoja peke yake ungekimudu, vitatu pamoja vinakuangusha. Ukikuta siku mbaya isiyo na mkosaji, jumlisha.

Jikoni fruktani zina udhaifu mmoja wa kuutumia. Zinayeyuka kwenye maji, kwenye mafuta haziyeyuki. Kaanga punje nzima za kitunguu saumu kwenye mafuta matupu hadi zinukie, zitoe zote, ndipo utie nyanya. Ladha inabaki, mchokozi ametoka. Ukizitoa baada ya mchuzi kuchemka umechelewa. Majani ya kijani ya kitunguu hayana tatizo, kata utie. Choroko na maharage loweka usiku, mwaga maji, chemsha kwa mapya, nayo uyamwage; zinapungua makali.

Ukishampata mkosaji, wengine wote warudishe mezani, isipokuwa gluteni kwa mwenye siliaki. Kukaa miezi na wali na tango kwa woga kunakunyima lishe. Mimi kwa upande wangu ilibaki inulini na ndugu zake wa kwenye ngano, na maziwa yasiyogandishwa. Mtindi nakunywa, sehemu ya laktosi imeshaliwa na bakteria.

Kwenye shughuli za watu pilau ndiyo mtihani, kitunguu kimeyeyukia kwenye mchele wenyewe, huwezi kukichambua. Nenda jikoni mapema, waamkie wapishi, omba wakuwekee wali mweupe na kipande cha nyama kabla hakijaingia kwenye mchuzi. Mwenye siliaki aombe na mwiko safi, na aangalie meza: mara nyingi chapati zimesukumwa hapohapo.