Kabla ya kuuliza wimbi linatoka wapi, hesabu ni mangapi

Wanafunzi wakipanda na antena juu ya paa la maabara yetu hapa Dar es Salaam, wote wanataka mshale: ishara inatoka Kigamboni au Mbezi? Huwa nawarudisha nyuma hatua moja. MUSIC, mbinu ya kihesabu ya kutafuta mwelekeo ambayo wengi huikimbilia, haikupi jibu mpaka uiambie kwanza mawimbi ya redio yanayofika kwenye antena ni mangapi. Ukisema mawili kumbe ni matatu, itakuchorea vilele vyembamba vya kupendeza, na vya uongo.

Mimi natumia KrakenSDR, kipokezi cha redio cha chaneli tano kinachounganishwa na kompyuta, antena tano za fimbo, na kompyuta yenye lugha ya Python na maktaba yake ya hesabu, NumPy. Kwenye MHz 433.92 wimbi lina urefu wa sentimita 69 hivi, kwa hiyo antena nazipanga kwenye mstari mmoja, kila moja sentimita 34.5, yaani nusu ya wimbi, kutoka jirani yake. Pima kwa futi ya chuma, macho hudanganya. Umbali huo ukizidi nusu ya wimbi, wimbi la upande mmoja linaweza kujifanya limetoka upande mwingine.

Watu huhangaika sana na fezi za chaneli, yaani wimbi limefikia hatua gani ya mzunguko wake katika kila chaneli. Kwa mwelekeo, wana haki. Kwa idadi, fezi ikipishana kwa kiasi kisichobadilika, hesabu ya msingi haiguswi hata kidogo. Kinachoiharibu ni kelele zisizolingana, yaani chaneli moja inanguruma kuliko nyingine. Fomula itaichukulia kelele hiyo ya ziada kuwa ni wimbi na kukuongezea mgeni asiyekuwepo. Kwa hiyo weka ukuzaji uleule kwenye chaneli zote, zima ukuzaji unaojirekebisha wenyewe, kisha chomoa antena zote na ulinganishe nguvu ya kelele. Chaneli iliyopanda peke yake, angalia kwanza viunganishi vyake. Chumvi ya bahari hapa mjini haichelewi kuvila.

Sasa sampuli. Ukichuja ishara ibaki kHz 25 huku unaendelea kuchukua sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, sampuli jirani zinakuwa karibu nakala. Zipunguze zilingane na upana wa chujio, la sivyo utadhani una ushahidi mwingi kuliko ulionao. Kwa mfano wetu tuseme zimebaki 200, zimepangwa katika matriksi X yenye mistari mitano, mmoja kwa kila antena. Andika R = X @ X.conj().T / 200, matriksi inayoonyesha jinsi chaneli zinavyofanana, kisha np.linalg.eigvalsh(R). Utapata thamani tano za aigeni, yaani namba zinazoonyesha nguvu ilivyogawanyika ndani ya R, zikianzia ndogo kwenda kubwa. Geuza mpangilio, kubwa itangulie.

Tuseme zimetoka 21.4, 6.3, 1.08, 1.01 na 0.93. Hapo usikimbilie fomula, ziangalie. Tatu za mwisho zimekaa karibu usawa mmoja, na hiyo ndiyo sakafu ya kelele. Mbili zilizosimama juu ya sakafu ni mawimbi. Taabu huanza ya pili inapokuwa 1.3, ndipo kila mtu chumbani anakuwa na maoni yake.

Kwa ubishi huo Mati Wax na Thomas Kailath waliandika mwaka 1985 jinsi ya kutumia AIC na MDL, vigezo viwili vya takwimu vya kuchagua idadi inayofaa zaidi. M ni idadi ya antena, N ya sampuli, k idadi unayoijaribu. Chukua thamani M−k zilizo ndogo zaidi, tafuta wastani wao wa kawaida (a) na wastani wa kijiometri (g), kisha:

MDL(k) = N(M−k)·ln(a/g) + ½·k(2M−k)·ln N

Sehemu ya kwanza inapima jinsi thamani zinazodaiwa kuwa kelele zisivyolingana. Ya pili ni faini ya kuongeza mawimbi. Kwa namba zetu, k ikiwa 0 hadi 4, yanatoka takriban 832, 330, 43.5, 56.0 na 63.6. Ndogo kabisa ni 43.5, kwa hiyo mawimbi ni mawili.

Kwenye AIC, ukiiandika kwa kipimo hichohicho, ½·ln N inakuwa 1 tu. Kwa sampuli 200 MDL inatoza 2.65, ndiyo maana AIC ni mpole na huzidisha hesabu hata ukiipa sampuli nyingi. MDL nayo, ishara ikiwa dhaifu na sampuli chache, huacha wengine nje. Mimi naziendesha zote mbili. Zikipishana, narudi kuangalia thamani zenyewe.

Adui mkubwa wa mjini ni mabati. Wimbi likigonga paa la jirani na kurudi, nakala yake inaungana na lile la moja kwa moja, na kwa hesabu ya hapo juu yote mawili yanakuwa wimbi moja. Hakuna wingi wa sampuli utakaoyatenganisha. Dawa ni kugawa mstari wa antena: tengeneza R ya antena 1 hadi 4, na ya 2 hadi 5, kisha za mpangilio uliogeuzwa kinyumenyume, namba zake changamano zikiwa zimebadilishwa kwa conj, yaani kugeuza alama ya sehemu ya kufikirika. Chukua wastani wa R hizo nne. Sasa M ni 4 na unaweza kuhesabu hadi matatu. Hapa ndipo fezi inapokudai, kwa hiyo rekebisha chaneli kwa chanzo cha kelele kilichomo ndani ya mashine, na nyaya za antena ziwe za aina moja na urefu mmoja, maana chanzo hicho hakizifikii. Antena zilizopangwa kwa duara haziingii moja kwa moja kwenye ujanja huu. Kumbuka pia kuwa baada ya wastani huo sakafu ya kelele hailingani tena kama fomula inavyodhani. Amini pengo kati ya thamani kuliko MDL.

Na jibu likikujia 4 kwa antena tano, usiliandike kwenye ripoti. Hicho ndicho kikomo cha safu ya antena tano. Huenda yapo manne, huenda saba. Punguza upana wa chujio uanze upya, au tafuta antena zaidi.