Jinsi ya kujitoa kwenye mkataba wa simu Uingereza kabla haujaisha

Wengi wetu tumekulia kwenye vocha. Unaweka salio, unajiunga bando, likiisha limeisha na hakuna anayekudai. Ukifika Uingereza, uwe umekuja kusoma Coventry au kutunza wazee Bournemouth, dukani unauziwa kitu kingine kabisa: simu mpya mkononi leo, na miezi 24 ya kulipa. Ukiwa umelipa miezi kumi hivi unaona laini ya nusu bei, au viza inakaribia kuisha, au nyumba uliyohamia haina mtandao. Ukiuliza namna ya kutoka, unatajiwa pauni mia mbili na ushee.

Niliuza mikataba hii kaunta kabla sijaanza kuwasaidia watu kujitoa humo. Huu ndio mpangilio ninaoufuata mtu akiniletea bili yake.

Hatua ya 1: Tuma INFO kwenda 85075

Usipige simu kwanza. Ukipiga na kusema unataka kuondoka, unapelekwa kitengo cha kubakiza wateja, na kazi ya kijana anayekupokea huko ni kukufunga miezi mingine 24. Unamaliza simu ukiwa na mkataba mpya na hujajua hata wa zamani ulikuwa unadaiwa kiasi gani.

Badala yake, kwenye laini hiyohiyo, andika ujumbe wenye neno INFO na uutume kwenda 85075. Ni bure. Unajibiwa papo hapo: ada ya kuondoka mapema ni kiasi gani, na kama kuna deni la simu yenyewe, limebaki kiasi gani. Utaratibu huu uliwekwa na Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, Julai 2019. Kutuma INFO hakufuti mkataba wala hakuanzishi chochote, kwa hiyo tuma leo hata kama bado unafikiria. Piga picha ya jibu na uitunze.

Hatua ya 2: Tenganisha laini na simu

Hapa ndipo fedha za watu hupotelea. Bili moja inaweza kubeba madeni mawili yenye sheria tofauti.

Deni la kwanza ni huduma: dakika, ujumbe na data. Mkataba wa huduma kwa mtu binafsi hauruhusiwi kuzidi miezi 24. Deni la pili ni simu yenyewe. Kampuni kama O2 na Vodafone huiuza kwa mkopo uliosimama peke yake, na mkopo huo unaweza kufika miezi 36. Mkopo haufutiki kwa sababu nitakazozitaja hapa chini, isipokuwa ukirudisha simu ndani ya siku 14 za mwanzo. Simu umeichukua, utailipa. Unachoweza ni kuumaliza mapema au kuendelea kuulipa kila mwezi, kadiri mkataba wa mkopo unavyoruhusu.

Kuna pia mikataba ya mtindo wa zamani ambayo huduma na simu vimefungwa kwenye bei moja. Hiyo ndiyo yenye ada kubwa zaidi, maana ukitoka unalipia miezi yote iliyobaki pamoja na gharama ya simu iliyojificha ndani.

Fungua barua pepe uliyopokea siku ya kununua, ile yenye muhtasari wa mkataba. Ukiona mikataba miwili, una mkopo wa simu. Ukiona mmoja, vimefungwa pamoja. Ukiona laini tupu bila simu, shukuru, kazi yako ni nyepesi.

Hatua ya 3: Tafuta mlango usiolipiwa

Kabla ya kulipa hata senti, angalia kama mojawapo ya milango hii iko wazi.

Siku 14 za mwanzo. Ukinunua mtandaoni au kwa simu, kanuni za mikataba ya walaji za 2013 zinakupa siku 14 za kubadili nia. Utalipia tu ulichotumia, na simu utairudisha. Ukinunua ndani ya duka, sheria haikupi haki hiyo. Ndiyo maana huwa nawaambia watu: nenda dukani ukaishike simu, uigeuzegeuze, halafu rudi nyumbani ukanunue mtandaoni.

Bei kupanda kuliko mlivyokubaliana. Mikataba iliyoanza tarehe 17 Januari 2025 au baadaye lazima iseme kwa pauni na peni bei itapanda kiasi gani na lini. Nyongeza iliyoandikwa humo huwezi kuikwepa, uliikubali. Kampuni ikileta nyongeza ambayo haikuandikwa, lazima ikuarifu mapema, na una siku 30 tangu upate taarifa hiyo kuondoka bila ada. Oktoba 2025 O2 ilitangaza kwamba nyongeza ya Aprili 2026 itakuwa £2.50 badala ya £1.80 iliyokuwa imeahidi, na wateja wakapata siku hizo 30. Waliodhani ni tangazo la kawaida wakalifuta walipitwa. Barua pepe za kampuni ya simu zinachosha kusoma, lakini yenye neno la mabadiliko ya bei isome mpaka mwisho.

Mkataba unaokaribia kuisha. Kati ya siku 10 na 40 kabla ya mwisho, kampuni inatakiwa kukutumia taarifa kwamba muda unaisha. Ukishaipata, usivunje chochote. Subiri tu.

Mtandao mbovu. Huu ni mlango mgumu, lakini upo. Ramani ya Ofcom itakuonyesha kama eneo lako lilitakiwa kuwa na mtandao. Andika tarehe na mahali kila simu inapokatika, lalamika kwa maandishi, wape nafasi ya kurekebisha. Wakishindwa, una hoja ya kudai uachiwe.

Mwenye laini amefariki. Kampuni ikipata cheti cha kifo kwa kawaida hufunga laini bila ada. Msilipe kwa haraka ya msiba.

Hatua ya 4: Piga hesabu kabla ya hasira

Tuseme unalipa £28 kwa mwezi na imebaki miezi 8. Ada itakaribia £224, labda pungufu kidogo, kwa kuwa kampuni nyingi hupunguza kiasi fulani zinapolipwa mapema. Laini mpya ni £10. Ukihama leo, kwa miezi hiyo minane utatoa £224 na £80 juu yake, jumla £304. Ukibaki unatoa £224.

Ada hiyo ni miezi yako ileile iliyobaki, inadaiwa kwa mkupuo. Kwa hiyo kuhama kwa ajili ya bei peke yake karibu kila mara ni hasara, hata tangazo liwe tamu vipi. Kulipa kuna maana tu kwa wale wenye mwezi mmoja au miwili iliyobaki, wasiopata mtandao kabisa, au wanaoondoka nchini.

Kama wewe si mmoja wao, omba kushushwa kifurushi. Baadhi ya kampuni huruhusu kutoka £28 hadi kifurushi cha chini katikati ya mkataba. Uliza pia kama ada ya kuondoka nayo itashuka baada ya hapo, na upate jibu kwa maandishi.

Hatua ya 5: Sasa zungumza nao

Tumia gumzo la mtandaoni badala ya simu kama unaweza, kwa sababu maneno yote yanabaki na unaweza kuyahifadhi. Eleza ada uliyotajiwa kwenye INFO, sababu yako, na unachokitaka: kufutiwa, kupunguziwa au kulipa kidogo kidogo. Kama umepoteza kazi, unaumwa au umefiwa, sema wazi. Kampuni zinatakiwa kuwa na utaratibu wa wateja walio kwenye hali ngumu, lakini hakuna atakayeukumbuka kama hujataja. Sisi tuna tabia ya kuficha shida kwa heshima. Kwenye gumzo hilo heshima inakugharimu.

Hatua ya 6: Ondoka kwa PAC

Usiseme "futa laini". Ukifuta bila kuhamia kampuni nyingine, unaweza kutozwa mwezi mzima wa notisi na namba ikapotea. Tuma neno PAC kwenda 65075 ukitaka kubaki na namba yako, au STAC kwenda 75075 kama huitaki. Utapewa msimbo unaodumu siku 30. Mpe mtandao mpya msimbo huo. Uhamisho unakamilika ndani ya siku moja ya kazi, laini ya zamani inajifunga yenyewe, na hulipii notisi baada ya siku ya kuhama. Ada ya kuondoka, kama ipo, inakuja kwenye bili ya mwisho. Ilinganishe na picha ya INFO.

Unapohama, chagua laini ya siku 30 isiyo na mkataba: giffgaff, SMARTY, VOXI au Lebara. Angalia tu inapanda mgongo wa nani. giffgaff inatumia minara ya O2, Lebara na VOXI ya Vodafone, SMARTY ya Three. Ukikimbia mtandao mbovu wa O2 ukaenda giffgaff, umebadilisha bei tu.

Kama unarudi nyumbani kabisa

Kuna wanaofuta dairekti debiti, yaani ruhusa ya kampuni kukata malipo benki kila mwezi, wakiwa Heathrow na kupanda ndege. Deni haliishii uwanjani. Baada ya miezi michache kampuni huliandika kama deni lililoshindikana, nalo hukaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka 6, na kisha huuzwa kwa wakusanya madeni. Ukirudi na viza mpya ukitaka kukodi nyumba, ndipo utakapoliona.

Anza mwezi mmoja kabla ya safari. Hamisha namba kwa PAC kwenda laini ya lipa kadiri utumiavyo, kwa sababu benki yako itaendelea kutuma misimbo kwenye namba hiyo hata ukiwa Mwanza. Laini hiyo lazima itumike mara mojamoja ili isifungwe. Giffgaff inataka angalau mara moja kila miezi sita. Dairekti debiti iache mpaka bili ya mwisho ikatwe, ndipo uifute. Fedha zikipungua, piga StepChange au National Debtline, mashirika ya ushauri wa madeni, ni bure, na wao watakusaidia kupanga malipo.

Wakikutoza isivyo halali

Andika malalamiko rasmi kwa kampuni yenyewe, ukitumia neno hilo la malalamiko, na uombe namba ya kumbukumbu. Wakikuandikia kwamba hawana zaidi la kusema, au muda uliowekwa ukapita bila suluhu, peleka kwa msuluhishi. Kila kampuni imejiunga na mmoja kati ya wawili, Communications Ombudsman au CISAS, na inatakiwa kukuambia ni yupi. Hulipi chochote. Ofcom yenyewe haiamui kesi ya mtu mmojammoja, usipoteze muda huko. Ambatanisha picha ya INFO, mazungumzo ya gumzo, muhtasari wa mkataba na bili ya mwisho, na utaje kiasi kamili unachotaka urudishiwe.