Kupanga Mafuta ya Ndege Ndogo kutoka Wilson hadi Kisumu

Injini ya ndege ndogo inapozimika angani kwa kuishiwa mafuta, mara nyingi kosa huwa lilitendeka ndege ikiwa bado chini, kwenye karatasi ya mpango. Anza basi na dakika, lita zitafuata.

Kutoka Wilson, uwanja wa ndege jijini Nairobi, hadi Kisumu ni takriban kilomita 270 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya viti vinne inayokwenda kilomita 200 kwa saa na kutumia lita 35 kwa saa itamaliza njia hiyo kwa dakika 81, yaani lita 47 hivi. Ongeza lita 8 za kutembea uwanjani na kupanda. Alasiri mawingu ya radi hujikusanya kandokando ya Ziwa Victoria na huenda Kisumu isiingilike. Weka dakika 25 za kukimbilia Eldoret, lita 15, kisha akiba ya mwisho ya dakika 30 kwa safari ya mchana, lita 18, ambayo haiguswi. Jumla ni lita 88.

Kurudi kuna hesabu yake. Upepo wa mashariki wa kilomita 40 kwa saa sasa ni wa mbisho, mwendo unashuka hadi 160, na njia ileile inakula lita 59 badala ya 47. Kabla hujaondoka Wilson, piga simu uulize kama petroli ya ndege inapatikana Kisumu, kwa maana mafuta ya jeti hayafai kabisa kwa injini ya aina hii.

Geji ya mafuta usiiamini. Panda mwenyewe, fungua kifuniko juu ya bawa, tumbukiza kijiti cha kupimia na usome pale unyevu unapoishia. Kisha kinga mafuta kidogo kwa kikombe chini ya tangi: petroli ya ndege ya aina ya 100LL ni ya buluu, na maji, kama yamo, hutulia chini bila rangi.

Hata hivyo rubani asijikague peke yake, hasa akiwa ndiye mwenye ndege. Karatasi isomwe na mtu wa pili mwenye uwezo wa kuzuia safari. Tarehe 28 Novemba 2016 ndege ya shirika la LaMia iliyobeba timu ya kandanda ya Chapecoense ya Brazili iliishiwa mafuta ikaanguka karibu na Medellín, Kolombia, wakafa watu 71. Ile haikuwa ndege ndogo, lakini mpango wake ulionyesha muda wa safari na muda ambao mafuta yangetosha kuwa sawasawa, saa 4 na dakika 22, na bado ikaruka. Msomaji wa pili aanze na nafasi hizo mbili. Zikilingana, airudishe karatasi bila kusoma zaidi.