Injini ya ndege ndogo ya sarakasi, ile ya kuongozwa kwa redio: hesabu ya kufanya Lubumbashi kabla ya kununua

Karatasi inayokuja na injini hutaja nguvu iliyopimwa kwenye hewa nzito ya usawa wa bahari. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa huo. Mchana wa Oktoba, joto likifika nyuzi 30, hewa yetu ina uzito wa asilimia 82 hivi ya ile ya kipimo. Injini hula hewa pamoja na mafuta, kwa hiyo hewa ikipungua nguvu nayo hupungua. Ndege ambayo Dar es Salaam inapanda wima bila taabu, hapa inaweza kuishiwa nguvu katikati ya kitanzi.

Tena takometa, kipimo cha mizunguko ya injini, haitakuonyesha jambo hili. Hewa nyepesi inapunguza nguvu ya injini, lakini inapunguza pia uzito wa hewa ambao panga (propela) linausukuma. Mizunguko inabaki karibu ileile ya karatasini, huku msukumo umeshuka kwa karibu moja ya tano. Kipimo cha kuamini ni mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano wanayopimia mizigo. Funga kamba imara kwenye mkia, ndoano katikati, na upande wa pili kwenye nguzo. Fungua gesi yote, kisha msaidizi asome kilo akiwa nyuma ya ndege, kamwe si mbele wala pembeni mwa panga.

Hesabu yenyewe ni fupi. Pima ndege ikiwa tayari kuruka, na esansi ndani. Kwa vitanzi, mizinguko na kuruka chali, msukumo ulio sawa na uzito au unaozidi kidogo unatosha. Kwa sarakasi za kuning'inia wima kwenye panga na kuchomoka hapo, tafuta mara 1.4 ya uzito au zaidi. Chukua ndege yenye mabawa ya mita 2.2 na kilo 7.5, ongeza nusu lita ya esansi, inakuwa kilo 7.9 hivi. Injini ya cc 55 inayosukuma kilo 12 usawa wa bahari itakupa hapa kilo 9.8, yaani mara 1.24. Sarakasi za kawaida inazifanya vizuri, ila kwenye kuning'inia itachomoka kwa uvivu. Ya cc 60 yenye kilo 13.5 inakupa kilo 11, na hapo umefika 1.4.

Kwa hiyo boksi la ndege likisema cc 50 hadi 60, sisi huku tunachukua 60. Likisema 30 hadi 35, tunachukua 35. Usivuke kiwango cha juu: injini nzito inavuta pua chini, utalazimika kuweka madini ya risasi mkiani, na uzito huo utakula nguvu uliyoinunua. Kwa kukadiria, cc 20 inafaa mabawa ya mita 1.6 na kilo 3.5, cc 35 mita 1.9 na kilo 6, cc 100 hadi 120 mita 2.7 na kilo 12. Kuanzia cc 100 injini nyingi zina silinda mbili, na mtikisiko wake ni mdogo.

Kuhusu mafuta, kwetu esansi inashinda. Injini za methanoli ni nyepesi na rahisi, lakini mafuta yake ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili maalumu, si kitu cha kukuta kituoni, na ndege za abiria haziyabebi. Methanoli ni sumu pia, hata ikigusa ngozi. Mota ya umeme ni chaguo zuri kwa ndege isiyozidi kilo 4. Hewa nyepesi haipunguzi nguvu ya mota yenyewe, kwa hiyo unaweza kuongeza panga inchi moja na kurudisha msukumo, mradi upime ampea zisizidi kikomo cha mota na kidhibiti chake. Ugumu uko kwenye betri za lithiamu: usafirishaji wake kwa ndege una masharti makali, na umeme wa SNEL ukikatika utahitaji jenereta au betri ya gari kuzichaji. Zihifadhi kwenye volti 3.8 kwa seli. Ukiziacha zimejaa wiki nzima zinaweza kuvimba.

Esansi inunue kituoni. Ile ya chupa za kando ya barabara mara nyingi ina maji au imechanganywa. Ukilazimika kuinunua, iache itulie kwenye chupa ya kioo inayopitisha mwanga: maji yatakaa chini na utauona mstari. Kwa bidoni ya lita 5 weka oili ya injini za mapigo mawili mililita 167 ukitaka 30 kwa 1, mililita 125 kwa 40 kwa 1. Kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji ndicho cha kufuata, hasa injini ikiwa mpya. Mpira wa silikoni unaotumika kwenye methanoli huvimba na kulainika ndani ya esansi, kisha tanki linavuta hewa na injini inazima angani. Tumia mpira wa Tygon au Viton, na kizibo cha tanki cha esansi.

Kabureta nyingi za injini hizi ni Walbro za utando, ndugu wa zile za misumeno ya mnyororo, hivyo fundi wa misumeno anaweza kukupatia utando mpya. Zina skrubu mbili: L ya mwendo wa chini, H ya mwendo wa juu. Mpangilio wa kiwandani hapa kwetu huzidisha esansi: injini inaguguma katikati ya mwendo na buji inatoka nyeusi, imelowa. Funga skrubu taratibu bila kukaza, kisha fungua L zamu 1¼ na H zamu 1½. Injini ikishapata moto, fungua gesi yote na kaza H moja ya nane ya zamu kwa kila hatua mpaka mizunguko ifike kilele, halafu ilegeze moja ya nane. Shusha gesi, rekebisha L: ikiguguma kaza, ikizima ukifungua gesi ghafla legeza. Rudia H, kwa sababu L nayo hupitisha esansi gesi ikiwa wazi. Mwishoni msaidizi ainue pua juu kwa sekunde kumi. Mizunguko ikishuka, mafuta hayatoshi, legeza H.

Mpangilio wa Oktoba usiutumie asubuhi ya Julai. Baridi ya nyuzi 10 inaifanya hewa kuwa nzito zaidi, injini inakosa esansi na kupata moto kupita kiasi. Legeza H moja ya nane kabla ya kuruka.

Upoozaji nao unataka uangalifu. Tundu la kutolea hewa kwenye kifuniko cha pua liwe mara mbili hadi tatu ya eneo la tundu la kuingizia, na hewa ielekezwe ipite kati ya mapezi ya silinda. Kiwashio cha cheche kiwekee swichi yake ya kuzimia, na kikae sentimita 30 kutoka kwenye risiva, yaani kipokezi cha redio. Uwanja uwe mbali na nyumba na mbali kabisa na njia za ndege za kiwanja cha ndege cha Luano, kwa ruhusa ya wenye eneo.

Ukinunua injini iliyotumika, hakikisha kwanza umeme wa cheche umekatwa. Zungusha panga polepole kwa mkono: inapaswa kukupinga na kurudisha panga nyuma. Shika mhimili, uutikise juu na chini. Ukicheza, beringi zimekwisha. Kisha fungua bomba la moshi, mulika pistoni kwa tochi. Mikwaruzo ya kusimama, kutoka juu kwenda chini, inamaanisha imemeza vumbi jekundu la kiangazi au imeendeshwa bila esansi ya kutosha. Injini ya namna hiyo mwachie mwenyewe, hata akikupunguzia nusu ya bei.