Kadi ya mkopo ya safari: soma matumizi yako kwanza

Ndugu zangu wa Kampala, kabla hamjasaini fomu ya kadi ya mkopo ya safari, fungueni taarifa ya benki ya miezi mitatu iliyopita mwone ni malipo mangapi yamepita kwenye kadi. Kama pesa yako karibu yote inatoka kwa simu, kwenye boda, soko la Owino na basi la Nairobi kupitia Busia, pointi, yaani zawadi unazopewa kwa kulipa kwa kadi na kuzitumia kwa safari, zitakuwa chache mno kufidia ada ya mwaka ya kadi. Anayenufaika ni yule anayeruka kutoka Entebbe mara kwa mara, analipia hoteli mtandaoni na kumaliza deni lote kila mwezi. Hapo kwenye deni ndipo penye uzito: riba ya mwezi mmoja tu inaweza kumeza pointi zote ulizokusanya.

Uliza pia benki inaongeza asilimia ngapi ikibadilisha fedha. Na ukiwa Dubai, mashine ikikupa chaguo la shilingi za Uganda au dirham, chagua dirham. Ukichagua shilingi, mara nyingi kiwango cha kubadilisha fedha cha wenye mashine ni kibaya. Pesa taslimu usitoe kwa kadi hiyo kamwe, maana riba yake kwa kawaida huanza siku hiyo hiyo.