Kupima habari ya muujiza: hesabu na waliozama

Tuseme chombo kimepinduka kati ya Pemba na Tanga. Watu watatu wameng'ang'ania madumu hadi wakaokotwa na wavuvi, na wote wanasema walisoma dua usiku kucha. Kabla hujaieneza dua hiyo kuwa ndiyo iliyookoa, uliza: waliozama walikuwa wakifanya nini? Bahari ikichafuka, nani haombi? Ila maiti haitoi ushuhuda.

Swali hili ni la kale. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, ameandika kwamba Diagoras, Mgiriki aliyekana miungu, alioneshwa picha za watu walioweka nadhiri wakanusurika baharini, naye akajibu kwamba waliozama hawakuchorwa popote.

Chukua karatasi uigawe vyumba vinne: waliotumia dua au hirizi wakanusurika, waliotumia wakaangamia, wasiotumia wakanusurika, wasiotumia wakaangamia. Tuseme mashua 40 zimekumbwa na dhoruba, 30 zina hirizi, 10 hazina. Zimerudi 24 zenye hirizi na 8 zisizo nayo. Aliyekaa ufukweni ataona 24 kwa 8, ataapa kwamba hirizi imeokoa mara tatu zaidi. Gawanya sasa: 24 kwa 30 ni asilimia 80, na 8 kwa 10 ni asilimia 80 vilevile. Hirizi zilionekana nyingi kwa sababu zilitoka nyingi.

Vyumba vya walioangamia ndivyo vigumu kujaza, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Usiulize kijiweni, maana kijiweni wamekaa waliorudi. Waulize matajiri wa vyombo na familia za mabaharia, na uanze na orodha ya vyombo vyote vilivyotoka siku ile.

Kwa wagonjwa kazi ni ndefu zaidi. Aliyekunywa kombe la zafarani (aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya kunywa) akapona hurudi kushukuru. Ambaye hakupona huenda kwa mganga mwingine, au huzikwa. Kwa hiyo mganga anaweza kusema kweli tupu, kwamba kila aliyerudi amepona, na bado akakosea. Andika jina na simu ya kila mtu siku anayokunywa, pamoja na ugonjwa wake na dawa nyingine anazotumia: aliyemeza dawa mseto ya malaria wiki hiyohiyo si ushahidi wa kombe. Mafua nayo huisha yenyewe, na pumu hupanda na kushuka. Watu hukimbilia tiba pumu ikiwa imepanda, hivyo kushuka kwake kungeweza kutokea hata bila tiba.

Siku ya 30 mpigie kila mmoja. Asiyepatikana usimtie kwa waliopona wala usimfute. Mwekee safu yake. Safu hiyo ikizidi ya waliopona, usitangaze chochote.

Wakati wote huo mgonjwa asiache ARV, yaani dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wala insulini ya kisukari. Virusi vya UKIMWI visipoonekana kwenye kipimo cha anayetumia ARV, dawa ndiyo imevibana, na ukiiacha vitarudi.